Ada za Mlangoni: Habari za Harusi za Pwani na Udhia Wake

Katika mwaka wa 1903 kilipigwa chapa mjini Göttingen, nchini Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kielezacho desturi za watu wa pwani tangu mtoto azaliwapo hata maiti azikwapo. Na ijapokuwa kitabu chenyewe kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa lugha aliyekikusanya, sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye mwaka wa 1900 alikwenda Berlin kuwafundisha Wajerumani lugha yake. Msomaji anayekifungua kwa tamaa ya habari za masultani na vita atarudi na njaa yake, kwa maana mwandishi alishughulika na mambo ambayo wengi hawayaoni kuwa na thamani ya wino: posa ipelekwavyo, nani wa upande wa mke apewe nini na kwa sababu gani, na siku saba za fungate zipitavyo. Aliyaandika haya bila haraka wala haya, kama karani wa forodha aandikavyo shehena ya jahazi. Na kwa fadhila ya utulivu wake huo, sisi tuliozaliwa baadaye tunajua kwamba gharama na udhia wa harusi, ambao kila kizazi hudhani ni maradhi mapya yaliyozuka baada ya wazee wake kufa, ulikuwako tangu zamani.

Siwezi kupita kimya juu ya jambo moja la ajabu katika maisha ya mtu huyu. Yeye aliyezipanga ndoa za wenzake katika maandiko, alioa Berlin mwaka wa 1904 mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata akapanda merikebu pamoja na mkewe kurejea kwao. Lakini walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni, ambayo haikutaka kuona mke wa Kizungu katika nyumba ya mtu mweusi, ilikataa asishuke pamoja naye. Wakarudi walikotoka, naye akafia Ujerumani mwaka wa 1927. Mtu aliyezijua ada zote za kumfungulia bwana harusi mlango alizuiwa katika mlango ambao haukuwa na ada.

Ada zenyewe zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Mahari ni haki ya mke kwa sharia, na hapo hapana mjadala. Lakini kando ya mahari palikuwa na msafara mrefu wa haki nyingine zisizoandikwa na kadhi yeyote, ambazo zilidaiwa kwa ukali kuliko deni la dukani. Baba wa binti alikuwa na kilemba chake. Mama alikuwa na mkaja, kwa ukumbusho wa nguo aliyojifunga tumboni alipojifungua, na ubeleko, kwa ajili ya nguo aliyombebea mwanawe mgongoni. Kisha walikuja waliokuwa karibu na chumba cha bibi harusi: palikuwa na kiosha miguu, kilicholipwa bwana harusi alipooshwa miguu, palikuwa na kifungua mlango, kilicholipwa ili apite, na palikuwa na kipa mkono, ambacho ni cha bibi harusi mwenyewe. Edward Steere, padri wa misheni ya Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alizitaja ada hizi katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka wa 1870. Na mtu akitaka kujua desturi ipi ilikuwa na nguvu katika mji, na aangalie ni ipi mgeni alilazimika kujifunza jina lake mapema.

Ili jambo hili lifahamike, yapasa kukumbuka kwamba harusi ya pwani ilikuwa na mwendo wa kumpeleka mume kwa mke. Nikaha yenyewe ilikuwa shughuli fupi ya wanaume, mbele ya walii na mashahidi wawili, na bibi harusi hakuwapo. Lakini ikiisha, bwana harusi alisindikizwa kwa kaswida au kwa ngoma hata nyumbani kwa wakwe, kwa kuwa fungate ilikaliwa huko. Huko Lamu na Pate baba mwenye uwezo alikuwa akimpa bintiye nyumba, au akimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya mama yake, na nyumba za jamaa zikaunganishwa kwa wikio lililopita juu ya njia, hata wanawake wakatembeleana bila kukanyaga mchanga wa barabara. Ndugu zetu wa Ngazija wameishika desturi hiyo ya mume kuingia nyumba ya mke mpaka leo, na ndoa yao kubwa humgharimu mtu akiba ya miaka mingi. Basi mwanamume aliyetoka msikitini akipongezwa na kila mtu alifika mahali ambapo yeye ni mgeni, usiku, amevaa joho na jambia la kuazima, na mbele yake amesimama mwanamke mtu mzima aliyeegemea mlango na ambaye hakuwa na haraka hata kidogo.

Mwanamke huyo ndiye kungwi, au somo, na desturi ilikuwa asifungue mpaka aridhike. Upande wa mume wakatoa kitu. Akakitazama kwa dharau. Wakaongeza, akauliza kama binti wa nyumba hii wamemwokota njiani. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka na kupiga vigelegele, bwana harusi akatoka jasho, mjomba wake akaanza kunong'ona kwamba watu hawa hawana adabu, na mwisho, baada ya mabishano ambayo kila mmoja alijua yataishaje, fedha ikakubaliwa na komeo likaondolewa. Watu wa ghadhabu wameyaita haya unyang'anyi uliovikwa kanga. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka, kwa sababu haikuuliza swali la kwanza ambalo kila mwenye kuchunguza desturi angepaswa kuliuliza, nalo ni hili: aliyepokea ni nani?

Katika miji ya waungwana, makungwi walikuwa mara nyingi wanawake wa utumwa au wa uzao wa watumwa. Wao ndio waliomlea binti wa nyumba, wakamfundisha alipovunja ungo, wakamsinga na kumpamba, na siri za mwili wake walizijua kuliko mama yake, ambaye kwa haya hakuzungumza naye habari hizo. Siku zote nyingine za mwaka mwanamke huyu alikuwa akiitwa akaitika. Usiku wa harusi, kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo, muungwana mwenye joho alisimama mbele yake akiomba. Ada ile haikuwa kubwa, na bila shaka sehemu yake iliishia katika mikono ya wengine. Lakini ilikuwa ni mahali pamoja katika shughuli nzima ambapo kazi ya mtu mnyonge ilihesabiwa mbele ya macho ya watu na kutajiwa bei.

Kwa maana tukitaka kusema kweli juu ya karamu za zamani, ambazo wazee walizisifu kwa wingi wa vyakula na uchache wa kelele, hatuna budi kusema pia nani aliyeziinua. Maji hayakupanda kutoka kisimani peke yake. Mpunga ulitwangwa, nazi zikakunwa, kuni zikachanjwa, na hao waliofanya hayo katika nyumba kubwa za Unguja, Mombasa na Lamu, hata karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa, walikuwa watumwa na wazalia. Vugo, yaani wanawake kupita njiani wakiimba na kugonga pembe za nyati kwa vijiti ili mji upate habari kwamba kuna harusi, nalo lilikuwa kazi yao, kwa kuwa mwanamke wa kiungwana hakuonekana barabarani akiimba. Wepesi wa harusi za kale ulikuwa ni wepesi wa mwenye nyumba tu, ambaye uzito wake ulikuwa juu ya vichwa vya wengine.

Sharia za kuondoa utumwa zilikuja kwa nyakati mbalimbali: Unguja na Pemba mwaka wa 1897, na masuria wakabaki nje ya sharia hiyo mpaka 1909, pwani ya Kenya mwaka wa 1907, Tanganyika mwaka wa 1922. Vitabu vya historia hueleza athari zake juu ya mashamba ya karafuu na minazi, na ni haki vifanye hivyo. Lakini yapo mageuzi yaliyofika mpaka jikoni, na hayo hayakupata mwandishi. Bibi wa nyumba aliyezoea kuamrisha alilazimika sasa kuomba. Akituma kwa majirani wenye hali mbalimbali, wengine waliokuwa jana chini ya mamlaka yake au ya mama yake, ilimpasa achague maneno. Na aliyeombwa aliweza, kwa mara ya kwanza, kusema kwamba anaumwa na kichwa.

Hapo ndipo udhia wa harusi, kwa sura tuijuayo sisi, ulipopata nguvu zake. Kazi ikawa ya ujirani, na ujirani una daftari lisiloonekana. Wanawake walikusanyika siku mbili tatu kabla, wakakaa juu ya majamvi uani kuchagua mchele, kupeta, kumenya vitunguu saumu na kutwanga bizari, na kila aliyekuja alijua nani amekuja na nani hakuonekana. Asiyeonekana katika mchele wa mwenzake asitaraji kuonewa huruma siku ya mchele wake. Vyombo viliazimwa mtaa mzima: masinia, mabakuli, birika na beseni za kunawia, mikeka, na yale masufuria makubwa yanayobebwa na watu wawili. Aghalabu kila nyumba ilitia alama katika vyombo vyake, mkwaruzo au tone la rangi, na bado baada ya kila harusi palikuwa na sinia moja lililokwenda nyumba isiyo yake na bakuli moja ambalo hakuna aliyekiri kulivunja. Nimesikia watu wakiyakumbuka masinia hayo kwa majina ya wenyewe miaka mingi baada ya kusahau jina la bwana harusi.

Pilau ya wageni ilipikwa na wanaume, nje, juu ya mafiga, na mpishi wake alikuwa mtu wa kuogopwa. Alikuja na wasaidizi wake, akakataa kuni za mwembe, akalalamika kwamba nyama imekatwa vibaya, na akajitenga na ushauri wa kila mtu. Kupika mchele wa watu mia mbili si sawa na kuukuza mara arubaini mchele wa watu watano: moto wa chini hauna budi kuondolewa kwa wakati wake, makaa yakapandishwa juu ya vifuniko, na mvua ikinyesha katika saa hiyo, kama inyeshavyo daima katika harusi za watu waliochagua tarehe bila kuwauliza wavuvi, basi chini huungua na juu hubaki mbichi. Wageni walikwisha keti. Walipangwa wanne wanne au watano watano kuzunguka sinia moja, na adabu ya sinia ilikuwa kila mtu ale upande unaomkabili, asiukimbilie mfupa wenye nyama katikati, na asiinuke kabla ya wenziwe hata akiwa ameshiba. Kwa hiyo mtu mmoja mla polepole, mwenye meno machache na hadithi nyingi, aliweza kuwashika wanne wengine mateka wakati safu ya pili ya wageni imesimama mlangoni ikiwatazama.

Ama mwaliko, huo ulikuwa bahari nyingine. Wanawake hawakualikwa kwa waraka. Alitumwa mwanamke maalumu, mwenye ulimi mzuri na miguu yenye subira, akapita nyumba hata nyumba akitaja jina la anayealika, siku, na shughuli ambayo mtu ameitiwa, kwa kuwa kuitwa katika kuchagua mchele si kuitwa katika hina, na kuitwa katika hina si kuitwa katika kupamba, ambako bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake akiwa amekaa na dhahabu zake. Nyumba ikirukwa, kwa kusahau au kwa sababu mwenyewe hakuwapo, palizuka jeraha. Shangazi aliyeishi ukuta kwa ukuta na wenye harusi, aliyesikia kila kishindo cha kinu na kunusa kila kitunguu, aliweza kukaa ndani kwake wiki nzima kwa kuwa hakuambiwa kwa mdomo. Na baba wa bibi harusi, mwenye mambo elfu ya kufanya, alilazimika kuvaa kanzu na kwenda kumwomba radhi, akaketi, akanywa kahawa, akasikia habari ya harusi ya mwaka fulani ambayo nayo alirukwa. Kususa kulikuwa na kanuni zake. Ilikuwa si vizuri kurudi kwa ombi la kwanza, na ilikuwa ni upumbavu kungoja la nne.

Kati ya vita viwili vikuu, na miaka kadhaa baadaye, wanawake wa miji walipata chombo kipya cha kushirikiana na kuudhiana. Vyama vya lelemama, yaani ngoma ya wanawake, viliwakusanya waungwana na wasio waungwana katika safu moja; huko Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada walishindana kwa nyimbo, kwa mavazi ya sare na kwa karamu. Mwenye chama hakuachwa peke yake siku ya harusi ya mwanawe, na huu ulikuwa msaada mkubwa. Lakini naye hakuwa na hiari ya kukosa doti ya sare mwenzake alipooza, na waume waliotakiwa kutoa fedha ya kanga mpya ilhali za mwezi uliopita hazijafuliwa mara mbili waliyaona mashindano haya kwa macho mengine. Tena mwenye ngoma mjini alihitaji ruhusa ya serikali, kwa hiyo katika orodha ya watu wa kuridhishwa aliongezeka karani.

Taarabu nayo ilishuka kutoka majumba ya wakubwa ikaingia katika harusi. Akhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka wa 1905, ikawa chama cha wanaume wenye ala na adabu. Lakini aliyeipeleka taarabu ya Kiswahili mbali kuliko wote alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa watu wa utumwa, ambaye mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Huyu aliitwa kuimba mbele ya matajiri, nao wakamtunza kwa fedha. Desturi ya kumtunza mwimbaji, mtu akiinuka na noti yake mkononi pale beti linapomgusa au, bora zaidi, linapomgusa hasimu wake aliyeketi mkeka wa pili, ina ukoo wa karibu na ada ya mlangoni: mtu asiye na daraja hulipwa hadharani na mwenye daraja, na mlipaji hununua haki ya kuonekana akilipa.

Wanazuoni hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa jarida la Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, na ambaye tangu 1937 alikuwa kadhi mkuu wa Kenya, aliikemea israfu kwa kalamu kali. Aliona watu wakiuza minazi na viwanja kwa ajili ya fahari za siku chache, na mali za Waislamu wa pwani zikiwatoka mikononi. Hoja yake ilikuwa ya haki, na wenye kuweka nyumba rehani walikuwapo. Ila nadhani katika nyumba nyingi zilizotaka kumtii, kilichokatwa kwanza hakikuwa dhahabu ya bibi harusi wala idadi ya mbuzi. Zilikatwa ada ndogo, za mwosha miguu na mfungua mlango, kwa kuwa wenyewe hawakuwa na nguvu ya kulalamika. Israfu ya mkubwa huitwa heshima, na haki ya mdogo huitwa israfu.

Kile ambacho mawaidha hayakukiweza, vita vilikiweza kwa muda. Wajapani walipoichukua Burma mwaka wa 1942, mchele wa huko, ambao Unguja na miji ya pwani iliutegemea, ulikatika, vyakula na nguo vikagawiwa kwa kipimo, na watu wakaoana kwa muhogo na unga. Hali kama hiyo ilirudi Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, mchele na kanga zilipokuwa adimu madukani, na mwenye harusi akaanza safari yake ofisini kutafuta kibali cha sukari kabla ya kumtafuta mpishi.

Siku hizi, katika Dar es Salaam na miji mingine ya bara na pwani, Waislamu kwa Wakristo, kazi ya ujirani imechukuliwa na kamati. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hukutana kila wiki kwa miezi. Hutuma kadi za michango, na ahadi za watu huandikwa mbele ya wote. Mpishi ana mkataba, vyombo hukodiwa, masinia hayapotei tena kwa kuwa si ya mtu. Mshereheshaji hushika kipaza sauti na kuwaita ukoo baada ya ukoo, na shangazi aliyekuwa akisusa kwa kutoambiwa sasa husikitika kwa kuwa jina lake lilitamkwa vibaya. Harusi ikiisha pana kikao cha kuvunja kamati, ambapo mweka hazina husoma hesabu, na kilichobaki, kama kimebaki, huliwa kwa nyama na vinywaji usiku huo huo; na wale ambao ahadi zao bado ziko kalamuni huleta udhuru wa safari, wasije.